Ukijani kwenye viazi vya nyumbani usipuuzwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nichangie makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu kilimo cha viazi mviringo kwenye magunia na kwenye vieneo vidogo vya nyuma ya nyumba. Makala ilikuwa nzuri, na wengi wetu tunaoishi kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako udongo wa volkano unalipokea zao hili bila ubishi, tuliisoma kwa furaha. Ilikuwamo hata hivyo sentensi moja ambayo sikuweza kuiacha ipite, iliyosema kwamba viazi unavyolima mwenyewe ni salama kabisa kwa kuwa unajua hukuvipulizia dawa. Anayesema hivyo anadhani kwamba sumu pekee inayoweza kuwemo ndani ya kiazi ni ile iliyopelekwa na mkulima. Kiazi hutengeneza sumu yake chenyewe bila kupuliziwa chochote, na mambo yanayoiongeza sumu hiyo yamejaa tele katika bustani zetu, kwenye stoo zetu na pembeni mwa majiko yetu.

Nilifundisha sayansi kimu katika shule za sekondari za mkoa huu hadi nilipostaafu, na sasa nalima viazi, maharage na mboga kwenye kiwanja changu huku Moshono. Sina nia ya kumtisha mtu aache kula viazi, maana mimi mwenyewe navila mara nyingi kuliko ugali. Ninachotaka ni kwamba mpishi avitazame kabla hajavitia sufuriani, na mkulima mdogo ajue anachokifanya anapoacha kiazi kichungulie juani.

Mmea wa kiazi ni wa ukoo mmoja na nyanya, bilinganya, mnavu na tumbaku, nao hujilinda dhidi ya wadudu na magonjwa kwa kemikali chungu. Kemikali hizo kwa kiazi ni mbili hasa, solanini na chakonini, ambazo kwa pamoja wataalamu huziita glaikoalkaloidi. Zimo kwa wingi kwenye majani, maua, matunda na machipukizi. Kwenye kiazi chenyewe zimo kidogo, nazo hujikusanya katika ganda na katika tabaka jembamba la chini yake, milimita moja au mbili hivi. Kiazi kilichokomaa na kutunzwa vizuri huwa kwa kawaida na chini ya miligramu 100 za kemikali hizo kwa kilo, na kiwango cha juu ambacho wataalamu wa chakula wamekizoea kama mpaka ni miligramu 200 kwa kilo. Kiazi hicho hicho kikipigwa na mwanga, kikijeruhiwa na jembe au kikianza kuchipua, kiwango hupanda, na kukirudisha gizani hakukisafishi.

Rangi ya kijani yenyewe haina madhara. Ni klorofili, ile ile iliyomo kwenye mchicha. Shida ni kwamba mwanga ulioileta ndio unaochochea pia kutengenezwa kwa solanini, na kwa sababu hiyo ukijani unatosha kuwa onyo. Haufai lakini kuwa onyo pekee tunalolitegemea, kwa sababu mambo haya mawili hayaendi sambamba kila mara: kiazi kilichochubuka au kilichochipua kinaweza kuwa na sumu nyingi bila kuonyesha kijani chochote, na katika aina zenye ganda jekundu ukijani hujificha mpaka umenye. Hapo ulimi husaidia. Kiazi kinachoacha uchungu mdomoni na mwasho kooni kitemwe, na sufuria nzima itiliwe shaka. Naongeza hapa neno kwa wazazi wenzangu na mabibi: mtoto akisema kiazi ni kichungu, tafadhali onjeni kabla ya kumlazimisha amalize sahani kwa sababu ya adabu ya mezani.

Kiasi cha kumdhuru mtu ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2020 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa tathmini yake, ikasema kwamba dalili za sumu hii zinaweza kuonekana kuanzia miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mlaji kwa siku. Tufanye hesabu ya darasani. Mtoto wa kilo 15 hufikia kiwango hicho kwa miligramu 15, na miligramu 15 zimo ndani ya gramu 75 tu za viazi vyenye miligramu 200 kwa kilo, yaani kiazi kimoja kidogo. Mtu mzima wa kilo 60 atazipata miligramu zake 60 katika gramu 300 za viazi hivyo, mlo wa kawaida kabisa wa mchana. Viazi vikiwa vizuri, vyenye miligramu 50 kwa kilo, yule mtoto atahitaji kula gramu 300 kabla hajafika mpakani, na mtu mzima kilo moja na zaidi, jambo ambalo ni wachache watakaloliweza. Tofauti yote hiyo inaletwa na namna kiazi kilivyolimwa, kilivyohifadhiwa na kilivyomenywa.

Dalili zenyewe ni kichefuchefu, kutapika, tumbo kusokota, kuhara na kichwa kuuma, na pale sumu inapokuwa nyingi mtu huweza kuchanganyikiwa na kuishiwa nguvu. Huanza saa kadhaa baada ya kula, wakati mwingine siku ya pili, na ndiyo maana kiazi hakishtakiwi. Kwa kuwa dalili hizi zinafanana na za magonjwa mengine ya tumbo, mgonjwa hujiambia ana taifodi au amiba, hununua vidonge duka la dawa, na akipata nafuu baada ya siku moja au mbili husifu vidonge. Mtu akipatwa na hali hiyo anywe maji yaliyochanganywa na chumvi maalumu za kuongeza maji mwilini (ORS), na asipopata nafuu au akiwa ni mtoto apelekwe kituo cha afya, ambako ni vizuri aeleze alikula nini jana yake, viazi vikiwemo.

Kuna kisa kimoja cha Uingereza ambacho kila mkuu wa shule ya bweni angefaa kukijua. Ripoti iliyochapishwa mwaka 1979 katika jarida la kitabibu la nchi hiyo inaeleza jinsi wavulana 78 wa shule moja ya kusini mwa London walivyougua baada ya chakula cha mchana, mwanzoni kabisa mwa muhula, na 17 kati yao wakalazwa hospitalini. Uchunguzi ulielekezwa kwenye viazi, ambavyo vilikuwa vimebaki kwenye mfuko tangu muhula uliotangulia, kabla ya likizo ya kiangazi. Wavulana wote walipona. Nikifikiria stoo za shule zetu zinavyofungwa mwezi Juni na Desemba, gunia la viazi likiwa limeegemezwa chini ya dirisha, sioni kitu chochote katika kisa hicho ambacho hakiwezi kutokea Arusha au Moshi.

Watu huniambia kwamba moto unaua kila kitu. Moto unaua vijidudu, lakini solanini haikuwa kiumbe hai hata ife, na joto la maji yanayochemka haliivunji. Sehemu yake huweza kutoka na kuingia kwenye maji ya kuchemshia, au kwenye mafuta ya kukaangia, lakini kiasi kinachotoka hubadilika mno kutoka sufuria moja hadi nyingine kiasi kwamba hakuna mpishi anayeweza kukitegemea. Maji ya viazi vilivyochemshwa na maganda yake yasigeuzwe supu. Kumenya ndiko kunakosaidia zaidi, kwa kuwa sumu imekaa juu juu, na wakati wa kumenya kisu kizame kiasi, tena zaidi penye doa. Kiazi kigumu chenye doa dogo la kijani kikatwe doa hilo pamoja na nyama ya pembeni yake, na jicho lililochipua lichokolewe kwa ncha ya kisu mpaka shimo libaki safi. Kiazi ambacho ukijani umekizunguka, au kilicholegea na kusinyaa kwa machipukizi marefu, hakina tena cha kuokolewa, na viazi vidogo vidogo ndivyo vya kutazamwa zaidi, kwa sababu ganda lake ni kubwa ukililinganisha na nyama yake.

Najua kutupa kiazi kunauma, hasa mwezi ambao debe limepanda bei. Kiazi cha kijani kilichotoka kwenye shina lenye afya kinaweza kupandwa, na kwa mbegu ukijani si kasoro kabisa. Wazalishaji wa mbegu huviweka viazi vyao kwa makusudi mahali penye mwanga hafifu ili vitoe machipukizi mafupi na yenye nguvu. Hapo hapo ndipo ilipo hatari ambayo sijaona gazeti lolote likiieleza. Mkulima hununua mbegu, hupanda, hubakiza nusu debe, na mama wa nyumbani asiyejua habari za mwanga hafifu huona viazi vimekaa tu kwenye kichanja. Mbegu iliyobaki haipelekwi jikoni kamwe, na ikiwa imepakwa dawa ya kuzuia kuoza, basi hata kuimenyea ng'ombe haifai. (Anayepanda viazi vyake mwenyewe msimu baada ya msimu afahamu pia kwamba anaweza kuwa anausambaza mnyauko bakteria, lakini hilo ni somo la barua nyingine.)

Nirudi bustanini, kwa maana makosa mengi huanzia huko. Kiazi hukua kwenye vijiti vinavyotoka katika sehemu ya shina iliyo chini ya udongo, na mara nyingi hukua kuelekea juu mpaka kupasua ardhi. Kwa sababu hiyo mkulima anapaswa kuupandishia mmea udongo mara tu unapofika urefu wa kiganja hivi, kisha arudie baada ya wiki mbili au tatu, mpaka tuta liwe refu na pana. Huku kwetu kwenye mteremko kuna shida ya ziada, nayo ni mvua za masika, ambazo hushusha udongo wa tuta usiku mmoja na kuacha viazi vimekaa peupe kama mayai kwenye kiota. Baada ya kila mvua kubwa mimi huzunguka na jembe dogo kufukia. Nyasi kavu au majani makavu ya migomba yakitandazwa juu ya tuta husaidia pia, na kwenye vihamba vya Kibosho na Machame majani hayo hayanunuliwi.

Kwa wale wa magunia ambao makala yenu iliwahimiza, nina tahadhari mbili. Viroba vyeupe vyepesi hupitisha mwanga ubavuni, na viazi vilivyoegemea upande huo hupata ukijani bila mtu kujua, kwa hiyo ni heri kutumia gunia zito lenye rangi nyeusi, au kukizungushia kiroba cheupe kitu kisichopitisha mwanga. Pili, ni jambo la kawaida mjini kuona ndoo na viroba vilivyowahi kubeba mbolea za viwandani, rangi au viuatilifu vikigeuzwa bustani. Chombo cha kiuatilifu hakiwi chombo cha chakula hata kikisuguliwa namna gani.

Viazi vikikaribia kukomaa, mashina yakatwe na viazi viachwe ardhini kiasi cha wiki mbili ili ganda likomae. Ganda lililokomaa halichubuki kirahisi wakati wa kuchimba, na nimekwisha kusema kwamba mchubuko nao huongeza sumu. Siku ya kuvuna viazi visianikwe juani mchana kutwa kwa kisingizio cha kukausha udongo. Saa moja au mbili za upepo na kivuli zinatosha, kisha viingizwe mahali penye giza, ubaridi na hewa. Kikapu kilichofunikwa kwa gunia chini ya kitanda cha chumba cha wageni ni bora kuliko sahani nzuri ya udongo iliyowekwa dirishani ili ipendeze. Mfuko wa nailoni haufai kwa kuwa viazi hutoa jasho na kuoza. Jokofu nalo lina shida yake: kwenye ubaridi wake wanga wa kiazi hugeuka sukari, na viazi hivyo vikikaangwa huwa vyeusi upesi na kutengeneza akrilamaidi nyingi zaidi. Akrilamaidi ni kemikali ambayo watafiti wa Sweden waligundua mwaka 2002 kwamba hujitokeza katika vyakula vya wanga vinavyokaangwa au kuokwa kwa moto mkali. Chipsi za rangi ya dhahabu zinatosha. Zilizobabuka ziachwe.

Kuhusu watoto, kuna kitu kimoja cha kutazamwa kwa karibu sana. Mmea wa kiazi ukishatoa maua, baadhi ya aina huzaa vitunda vya mviringo, vya kijani, vyenye ukubwa wa gololi, ambavyo mtoto yeyote aliyezoea kuchuma nyanya atavidhania ni nyanya changa. Ukivipasua utakuta mbegu ndogo ndogo ndani, vile vile kama za nyanya. Vina sumu nyingi kuliko kiazi, na mimi huvichuma vyote na kuvifukia mara vinapotokea. Majani nayo hayaliwi. Nalisema hili kwa sababu tumezoea matembele, ambayo ni majani ya kiazi kitamu, na mnavu, ambao ni ndugu wa kiazi mviringo, na si ajabu binti mgeni jikoni akaona bustani imejaa majani mabichi akadhani nayo ni mboga. Kiazi kitamu ni mmea wa ukoo mwingine kabisa, na kinacholiwa katika kimoja hakihalalishi kingine. Wafugaji wa ng'ombe wa ndani wajihadhari vivyo hivyo: maganda machache ya viazi vizuri hayana neno, lakini lundo la maganda ya kijani, machipukizi na mashina mabichi ya viazi huweza kumdhuru mnyama.

Sasa niseme kidogo juu ya dawa na mbolea, kwa kuwa mwandishi wenu alizigusa kwa haraka. Ni kweli kwamba mkulima wa nyumbani anaweza kulima bila dawa, lakini masika ya Arusha na bakajani chelewa, ugonjwa unaoozesha majani ya viazi, havimwachi mtu salama kwa muda mrefu, na niliowaona wakiapa mwezi Machi kwamba hawapulizi, Mei nimewaona na bomba mgongoni. Anayepuliza asome kwenye kibandiko ni siku ngapi zipite kati ya kupuliza na kuvuna, azihesabu, na asinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji bila kibandiko, hata kama muuzaji ni jirani. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania ina makao yake makuu hapa hapa Arusha, na ndiyo inayosajili viuatilifu nchini. Mwenye shaka na dawa aliyouziwa ana mahali pa kuuliza.

Samadi mbichi ni jambo ambalo wengi hatulihesabu kuwa la usalama wa chakula. Kinyesi cha ng'ombe, mbuzi au kuku ambacho hakijaoza huweza kubeba bakteria kama salmonela na aina mbaya za ishirikia koli (E. coli), pamoja na mayai ya minyoo. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka siku 120 zipite kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo. Viazi vyetu vingi hukomaa ndani ya miezi mitatu hadi minne, na kwa hesabu hiyo samadi inayowekwa wakati wa kupandishia udongo imechelewa mno. Iwekwe mapema kabla ya kupanda, au iozeshwe vizuri kwanza. Wale wanaomwagilia kwa maji ya Themi na Naura, mito ambayo imeshapita katikati ya jiji na kupokea kila kilichotoka kwenye mitaro, wanajua wenyewe yanavyonuka kiangazi.

Mtu atasema kwamba kiazi kitachemshwa au kukaangwa, basi samadi ina neno gani? Neno liko kwenye kibao. Nimesimama mara nyingi kwenye vibanda vya chipsi nikitazama kijana anavyomenya viazi vyenye udongo, anavikata juu ya ubao, anavitosa kwenye ndoo ya maji iliyokwisha kuwa kahawia, halafu kwa kisu kile kile na juu ya ubao ule ule anakatakata kabichi na nyanya za kachumbari. Viazi vinaingia kwenye mafuta ya moto. Kachumbari haiingii popote, inakwenda moja kwa moja kwenye sahani ya mteja. Nyumbani kwetu tunafanya vivyo hivyo, tena bila haraka ya wateja. Viazi vioshwe kwanza, vimenywe, ubao na kisu vioshwe kwa sabuni, ndipo kachumbari ikatwe, au kachumbari itangulie kabla ya kingine chochote.

Viazi vilivyokwisha kupikwa navyo visilale mezani usiku kucha. Wanaookea viazi ndani ya karatasi ya foili, kama wanavyofanya kwenye nyama choma na kwenye baadhi ya hoteli za watalii, wavile vingali moto au wavifungue kabla ya kuviweka kwenye jokofu. Mwaka 1994 huko El Paso, Texas, watu 30 waliugua botulizimu, ugonjwa wa kupooza unaoletwa na sumu ya bakteria, iliyotokana na viazi vilivyookwa kwenye foili na kuachwa humo kwenye joto la kawaida kabla ya kutumika. Ndani ya foili hewa haipiti, na mbegu za bakteria huyo, ambaye anaishi udongoni, hustahimili joto la kuoka.

Kwenye masoko sina mengi, ila yaliyopo ni ya wazi. Ukipita Kilombero, Ngaramtoni, Tengeru au Mbuyuni kule Moshi, utaona viazi vimepangwa mafungu mafungu juani tangu asubuhi, na mafungu yaliyobaki jioni hurudi juani kesho yake. Gunia la lumbesa, ambalo tumelilalamikia kwa miaka mingi kwa sababu ya vipimo, lina kosa hili pia: kile kilemba cha wavu kilichoshonewa juu huacha viazi vyote vya juu vipigwe na mwanga tangu shambani hadi sokoni, safari ambayo kwa mzigo kutoka Njombe au Mbeya si ya siku moja. Viazi hivyo vilivyogeuka rangi huuzwa kwa bei ya chini, na wanaovitafuta zaidi ni wapishi wa biashara ndogo, ambao hawana la kufanya mbele ya faida ya shilingi chache kwa sahani. Siwalaumu sana mama lishe na vijana wa chipsi kuliko sisi tunaokula bila kutazama. Turubai juu ya fungu si gharama kubwa, na maafisa afya wa halmashauri, ambao hupita kukagua vyoo na vitambulisho vya kupima afya, wangeweza kuangalia na ndoo ya viazi wakiwa pale pale. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lililokabidhiwa usalama wa chakula nchini, lingeweza kuwaandalia ukurasa mmoja wa maelekezo ya kubandika sokoni.

Wakati tukiyasubiri hayo, nina ombi kwako, Mhariri. Katika ukurasa wenu wa kilimo wiki zijazo, chapeni picha ya viazi vitatu vilivyokatwa kati: kimoja kizuri, kimoja chenye doa la kijani linaloweza kukatwa, na kimoja kilichoharibika cha kutupwa au kupandwa. Niko tayari kuwaletea viazi hivyo ofisini kwenu kutoka shambani kwangu, maana kwa masika haya sitavikosa. Picha iwe ya rangi, kwa sababu kwenye picha nyeusi na nyeupe vyote vitatu vitaonekana sawa.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Moshono, Arusha